Usinunue Mashine kwa Ajili ya Ile Santuri

Kanja, Jumapili, saa nane mchana

Igoki, maitu, binti yangu,

Shangazi yako amekuchukua mkaage watu wa kanisa, na ninajua mtachelewa kwa sababu kila nyumba itataka mnywe chai. Kwa hiyo nina masaa matatu hivi. Nimefunga duka, nimeisukuma pembeni redio ya mwalimu niliyomwahidi tangu Jumatano, na nimekaa kwenye benchi langu na daftari lako la zamani la kemia, kurasa za nyuma ambazo hukuziandika. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokulea nacho mimi na mama yako. Kiembu changu kikiandikwa hata mimi mwenyewe hakinisomeki.

Mambo ya kula vizuri, kuvaa sweta baridi ya Eldoret ikikaza, na vijana wa kuogopa sitayaandika. Shangazi yako ameyasema mara tatu leo, na kesho atayarudia ukiwa tayari umekaa kwenye kiti cha gari. Mimi nataka kujibu swali uliloniuliza Alhamisi, kwa sababu ulipoliuliza sikulijibu.

Ulikuja hapa dukani na ndizi mbivu mbili, ukakaa kwenye kreti, ukasema, “Baba, nikipata mshahara wa kwanza nataka kununua mashine ya santuri. Sitaki kitu kikubwa. Ya kawaida tu, ya kusikiliza kwa nyumba. Ninunue gani?”

Nilifurahi sana. Miaka yote hii hujawahi kuniuliza kitu cha kazi yangu. Nikaweka chini bisibisi ili nikujibu vizuri. Halafu ukaongeza, huku unamenya ndizi bila kuniangalia, “Nataka niende na ile ya mama. Kuna kijana tulikuwa naye chuoni aliniambia siku hizi zinaoshwa na sauti inarudi. Mimi ndiye niliiharibu, wacha nijaribu kuirekebisha.”

Nami nikakujibu kwamba bei ya sindano imepanda sana. Ndivyo nilivyosema, na nikaichukua bisibisi tena. Ulimaliza ndizi yako ukaenda zako.

Nitaanza na nusu rahisi ya swali, kwa sababu mimi ni mwoga na ninajijua.

Usidanganywe na wati. Kila mwaka bonasi ya chai ikitoka, wanaume wa huku hushuka Kianjokoma na kurudi na redio za wufa zenye taa za rangi. Sanduku limeandikwa maelfu ya wati, na nikikifungua chombo chenyewe nakuta transfoma ndogo kama ngumi ya mtoto. Vitu hivyo vimenilisha, basi nisivitukane kupita kiasi. Lakini hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniletea akasema, Fundi, huyu mwimbaji simsikii vizuri. Wote husema, Fundi, siku hizi haitingishi dirisha. Kwa chumba kimoja cha kupanga unahitaji wati ishirini za kweli na jirani asiyekuchukia.

Utaziona pia mashine mpya za kupendeza macho, zimetengenezwa kama mkoba wa safari, zina kishikio, na spika zimo humo humo ndani. Bei yake ni ya kuvutia. Ziache. Spika ikikaa sanduku moja na sindano inaitingisha sindano yenyewe, na nyingi hazina kile kizito cha nyuma ya mkono unaobeba sindano, kwa hiyo sindano inailalia santuri kwa uzito wowote ule waliouamua huko kiwandani. Tafuta ya mtumba, zile za Ujapani na Uingereza zinazoletwa Nairobi na vumbi la watu wengine. Iwe na mkono wenye kizito unachoweza kukizungusha kwa vidole. Kizungushe mpaka mkono uelee wenyewe hewani, usipande wala kushuka, ndipo uuongezee gramu mbili hivi, kama karatasi ya sindano inavyosema. Gramu mbili, Igoki. Wewe unayekwenda kupima maziwa ya watu maabara unajua gramu mbili ni kitu gani. Mimi pia nilikuwa najua.

Sindano nunua mpya, hata kama muuzaji anakuapia kwa jina la mama yake kwamba iliyopo haijatumika. Mkanda wa mpira uuvute kidogo. Ukiwa umelegea waimbaji wote wataimba kama walevi. Amplifaya tafuta ya zamani, nzito, yenye tundu la nyuma lililoandikwa Phono. Ikikosa tundu hilo kuna kisanduku kidogo cha kuongezea nguvu, na bila hicho utadhani mwimbaji amefungiwa kabatini. Spika za mbao zikaguliwe ukingo, ule wa sponji unaozunguka koni, kwa maana sponji ya zamani hubomoka ukiigusa tu. Bonyeza koni polepole kwa vidole vinne. Ukisikia inakwaruza ndani, mwachie mwenyewe.

Na mashine yako usiiweke juu ya stuli, tena stuli iliyo juu ya sakafu ya mbao. Mwambie fundi wa mbao akupigie rafu ukutani, ndipo watu watembee watakavyo.

Hayo yote ningeweza kukuambia Alhamisi ukiwa bado unamenya ndizi. Yanayofuata yalinifanya nishike bisibisi.

Mama yako alikuwa msichana wa Kangeta, hilo unalijua. Wakati nilipokuwa najifunza kazi kwa fundi mmoja kule Maua, aliingia dukani siku moja akiwa na santuri ndogo ameifunga ndani ya leso. Kwaya yao ya kanisa ilikuwa imepelekwa Nairobi kurekodi, wakaletewa kila mmoja nakala yake, na kwao hapakuwa na mashine. Alikuwa na kitu chenye sauti yake na hajawahi kukisikia. Aliniomba nimwekee. Nilipoweka upande wa pili, katikati kwaya ikanyamaza, na kabla ya sauti kutoka pakawa na pumzi ndogo, mtu anavuta hewa. Halafu akaimba peke yake muda usiotosha kufunga kamba za viatu. Nikageuka nikamwona amejifunika mdomo kwa leso anacheka. Mimi niliipenda ile pumzi kuliko wimbo wenyewe, na nilimwambia hivyo baada ya kumwoa, naye akaniita mjinga.

Alipokufa ulikuwa na miaka mitano. Simu yetu ilikuwa ile ya tochi, isiyorekodi kitu. Sauti yake yote iliyobaki duniani ilikuwa kwenye santuri ile.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa kumi na mbili, watu wa Kangeta walikuja kututembelea hapa Kanja. Walikuja kumkumbuka, si kulumbana, na nilichinja mbuzi. Nyanya yako alikalishwa kwenye kiti cha kona, mimi nikasimama kando ya mlango nimeelekeza uso nje, kama inavyotakiwa. Huku kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawabishani, na akitaka kitu nyumbani kwako humwambii hapana. Tunaita nthoni, na watu wa mama yako wanaiita vivyo hivyo. Ninyi vijana mnaicheka. Mimi sikuwahi kuicheka.

Baada ya kula, mjomba wako Mutuma akaniambia, “Fundi, hebu tuwekee dada yangu Karimi.”

Nikaileta mashine kutoka chumbani nikaiweka juu ya stuli, juu ya sakafu ile ya mbao, na watu zaidi ya kumi ndani ya nyumba. Sindano yake ilikuwa imekwisha. Mpya nilikuwa nayo, nilikuwa nimeinunua Nairobi kwa ajili ya mashine hiyo hiyo, lakini wiki mbili nyuma mwenye baa mmoja alinijia Ijumaa jioni amekwama, nami nikamuuzia. Nilijiambia yetu inaweza kungoja. Mke wangu alikuwa amekufa, hakuna aliyekuwa anaiharakisha.

Upande wa kwanza ulienda vizuri. Upande wa pili, pale kwaya inaponyamaza, mtoto mmoja akakimbia kwenda nje na sindano ikaruka. Nikairudisha, ikaruka tena. Ilikuwa inaruka pale pale pa mama yako. Mutuma akasema, “Na si wewe ni fundi? Sasa ya kwako mwenyewe ikikushinda, zetu utaziweza?” Watu wakacheka, hawakuwa na ubaya. Masikio yangu yakawaka moto.

Nikatia mkono mfukoni nikatoa ile sarafu nzito ya shilingi arobaini, nikaiweka juu ya kichwa cha sindano na kuishikisha kwa plasta.

Wewe hujafundishwa kazi hii, kwa hiyo nikueleze. Wenye baa hufanya hivyo ili santuri isiruke watu wakicheza. Inafanya kazi. Sindano haiwezi tena kuruka kwa sababu imekandamizwa, na kwa kuwa imekandamizwa inaikata ile mifereji midogo yenye sauti, inaikwangua kama jembe. Sarafu ile ina zaidi ya gramu kumi. Nilikuwa nimewafokea wenye baa kwa jambo hilo, nimewaita washamba mbele ya wateja wao. Na sindano iliyokwisha ina makali ya pembeni ambayo mpya haina.

Mama yako akaimba mpaka mwisho bila kuruka. Nyanya yako alikuwa analia bila kutoa sauti, na ilipoisha akasema kwa lugha yake nirudie. Nikarudia. Akasema nirudie tena, na Mutuma naye akataka, na wale wanawake wa kwaya waliokuja naye wakataka.

Nilirudia mara tisa. Mara ya nne nilisikia maneno yake yakianza kukwaruza kwenye s. Mara ya sita ile pumzi ikawa haipo. Niliingoja mahali pake nikasikia mchakacho tu, kama mtu anamimina mchanga, halafu sauti ikaanza kutoka ndani ya mchanga huo. Mara ya tisa hata mtu asiye fundi angejua, ila wengi walikuwa wanaimba naye na hawakusikiliza. Mimi nilikuwa nimesimama pale na vidole vyangu karibu na sarafu, na ningeweza kuitoa wakati wowote.

Kwa miaka mingi nimejiambia nilishindwa kwa ajili ya nthoni, kwamba sikuweza kumwambia mama mkwe basi. Ni uongo. Ningeweza kusema umeme una shida, na nani angenibishia? Sikuitoa kwa sababu nikiitoa itabidi niseme kwa nini, na nikisema kwa nini watajua fundi aliweka sarafu juu ya sauti ya mke wake ili asichekwe na shemeji. Hiyo heshima ndiyo niliyoinunua, na nikailipia kwa kitu kisichokuwa changu peke yangu. Kilikuwa chako pia. Ulikuwa umelala chumba cha pili.

Siku tatu baadaye, Mutuma akanipigia. Alisema atatuma mtu aichukue santuri, kuna mahali wanatoa kanda, mama anataka awe na kanda ya Karimi nyumbani. Nikamwambia atume. Nikakata simu nikakaa hapa kwenye benchi hili nikitafuta la kusema.

Jioni ile nilikukuta umepanda juu ya ndoo, umeiweka santuri kwenye mashine isiyo na umeme, unaizungusha kwa kidole. Mkono wa sindano ulikuwa umeshuka, na kulikuwa na sauti ndogo sana, ya chuma tupu. Uliniambia, “Baba, nataka kusikia mama.”

Igoki, nilikuwa natafuta la kusema na wewe ukawa umesimama pale.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Nilisema umeiharibu sauti ya mama yako. Nilikuchapa kwa kipande cha waya kilichokuwa mezani, na nilikuchapa mbele yao, ili waone. Sikuwa na hasira hata kidogo. Watu husema mzazi alipiga kwa hasira na wengine wanamwelewa. Mimi nilikuwa nimetulia na ninajua ninachofanya. Ulikuwa na miaka saba. Halafu nikampigia Mutuma nikamwambia asitume mtu, mtoto ameichezea.

Kidole chako hakikuharibu chochote. Hiyo nakuambia kama fundi, siyo kama baba, maana maneno ya baba yako sasa hayana uzito. Mtoto akizungusha santuri kwa kidole dakika tano anaacha alama ndogo utakayoisikia kama tiki ya saa. Hakwangui upande mzima mpaka ubaki mchanga. Mtu yeyote wa kazi hii akiiangalia kwenye mwanga ataona ule ukanda wa kijivu na atakuambia ni uzito, ni mtu mzima, ni makusudi.

Na makosa yangu uliyabeba. Niliona ukiyabeba. Uliacha kuingia dukani. Ulianza kuomba ruhusa hata ya kuwasha redio ya jikoni. Ulipokuwa darasa la sita walitaka uimbe kwenye mashindano, mwalimu wako alikuja mpaka hapa kuniambia una sauti, na wewe ukakataa katakata, ukasema utaiharibia shule. Mwalimu alicheka akidhani ni haya. Mimi nilikuwa nauma waya kwa meno nikajifanya sikusikia. Likizo ulikuwa hutaki kwenda Kangeta, kwa sababu binamu zako walikuwa wakikuita yule aliyemfuta shangazi. Nilijua wanakuitaje. Siku moja ulinijia ukitaka nikufundishe kulehemu, nikakufukuza nikasema mkono wako ni mzito. Ukweli ni kwamba sikuweza kukaa na wewe kando ya ile mashine. Leo unakwenda kufanya kazi ya vipimo na mizani, na kila mtu anakusifu kwamba huna haraka, hugusi kitu bila kukiangalia mara mbili. Wanadhani ni malezi mazuri.

Sasa nifike kwa nyanya yako. Hili nimeliweka mwisho na nimesimama mara mbili kufagia duka kabla ya kuliandika.

Ulikuwa kidato cha pili alipozidiwa. Tulienda wawili, mimi na wewe. Njiani uliniambia utamwomba msamaha kabla hajafa, na mimi nikakuambia ni vizuri. Yaani nilikuacha uende. Alikuwa amelala kwenye kile chumba kinachoelekea shamba la miraa, hawezi kuinua kichwa. Mutuma alikuwa nje anaongea na daktari kwa simu. Ulipiga magoti, ukamshika miguu, ukasema kwa Kiswahili, “Shosho, nisamehe. Mimi ndiye niliharibu sauti ya mama.” Kiigembe, lugha ya kwao, hukukijua, tena cha mgonjwa asiye na meno. Ukanitazama mimi nikutafsirie.

Nilimtafsiria. Halafu akasema maneno machache, na mimi nikakuambia, “Amesema amekusamehe.” Ukaweka uso wako kwenye blanketi ukalia mpaka mgongo ukatingishika. Nyumbani ulilala usingizi wa kweli, nilikusikia ukikoroma, kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Hakusema hivyo. Alisema: “Mtoto huyu hakuharibu kitu. Nilikuwa nimekaa pale, niliisikia ikiisha. Mwambie.”

Alilisema lile la mwisho akiangalia dari, kwa sababu hata akiwa anakufa hakuweza kunitazama usoni wala kunishtaki kwa jina. Miaka yote hiyo alikuwa anajua, na nthoni ilimfunga. Alingoja nijiseme mwenyewe. Nafasi aliyoipata ilikuwa ile moja tu, ya kupitisha neno kwako, na halikuwa na njia nyingine ila kinywa changu.

Na Kiswahili cha sokoni alikuwa anakielewa. Neno kusamehe linasemwa kanisani kila Jumapili. Nilipolitamka alilisikia. Akageuza uso ukutani na hakusema tena kitu siku ile. Ulidhani amechoka. Ulimfunika mabega.

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Mchana huu, kabla sijaanza kuandika, nilimpigia Mutuma nikamweleza yote, sarafu, waya, na kitandani. Nilitaka angalau anitukane. Akasema, “Sasa mimi unaniambia ya nini? Mimi ndiye huyo mtoto?” Akakata. Amefanya vizuri.

Usiibebe santuri ile, na usimpe mtu yeyote pesa ya kuiosha. Kuosha kunatoa vumbi na mafuta ya vidole. Kilichokwanguliwa kimeondoka na sindano, nilikifuta kwa kitambaa jioni ile, unga mweusi kidogo tu. Nimetafuta nakala nyingine kila mahali ninapojua. Waliokuwa kwaya wamezitupa au zimepinda kwa jua, na moja niliyoipata Maua ilikuwa vipande viwili. Sitakudanganya kwamba ipo mahali inakungoja. Ile ya kwetu itabaki hapa na mimi. Kazi ya kuirekebisha haikuwa yako hata siku moja.

Mashine nunua. Nunua kwa sababu unapenda muziki, ulikuwa unaupenda kabla sijakufundisha kuuogopa. Santuri ya kwanza utakayoiweka iwe ya mtu usiyemjua kabisa, umelipenda tu ganda lake, na ukiikwaruza, ni yako, ikwaruze. Imba ukiwa unaosha vyombo. Sijui kama bado inawezekana. Mimi sina haki ya kukushauri juu ya hilo, nimeandika tu kwa sababu kalamu ilikuwa inaenda.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii ndani ya begi lako, chini ya masweta, uikute ukiwa umeshafika. Nilikuwa hata nimeshachagua mahali. Halafu nikaona ni yale yale, ninakutuma ubebe kitu changu usichokijua, na mimi niko mbali ninakunywa chai. Kwa hiyo nitakupa mkononi kesho saa kumi na mbili asubuhi, mezani, shangazi yako akiwa bado hajafika. Gari linaondoka Embu saa mbili na nusu. Utaisoma nikiwa nimekaa kiti cha mbele yako, na sitaangalia mlango.

Usinisamehe ili uwahi gari. Ukitaka kuuliza, nitajibu kila swali, na hili la kutafsiri sitalifanya tena. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Na ukimaliza kusoma ukaamua kubeba mizigo yako mwenyewe mpaka barabarani bila kunipa mkono, nitabaki nimekaa pale pale, na watu wakiuliza kwa nini Igoki ameondoka hivyo, nitawaambia ni kwa nini.

Baba yako